Kuhusu Mchezo wa Simu na Nyumba Isiyo na Paa

Endasak, Hanang

Kwa Mama mkwe wangu mpendwa, kwa shemeji Bosko atakayewasomea, na kwa mume wangu Gaudensi, ambaye ninamwomba aketi asikilize hadi mwisho.

Mama, shikamoo. Mwili wangu ni mzima, ijapokuwa moyo haujatulia. Goti linaendeleaje tangu uanze kulikanda kwa maji ya moto? Kahawa imekauka vizuri uwanjani, au ukungu umewachelewesha? Huku mahindi yamekauka shambani na watu wanavuna. Kila asubuhi baridi inashuka kutoka mlimani, nami nakwenda shuleni kwa masomo ya likizo nikiwa nimejitanda kitenge hadi masikioni. Wanafunzi wananicheka, nami nawaacha wacheke.

Shemeji alinipigia simu, akaniuliza kwa upole, "Shemeji, ni kweli mmegombana na Gaudensi kwa sababu ya gemu? Watu wazima?" Nikakubali kwamba ni kweli. Akasema, "Basi andika. Mama anataka kuelewa, na mimi siwezi kumweleza kitu nisichokijua." Ndiyo sababu ya barua hii. Siku ya kunipokea mliketi nyote mkaamua kwamba nitaendelea kufundisha huku hadi nyumba yetu ya Mbinga ikamilike. Jambo lililoamuliwa na kikao ni haki lirudi mbele ya kikao.

Mama, mchezo wenyewe ni huu. Mnaingia katika nchi isiyo na watu, mikono mitupu. Mnakata miti, mnaokota mawe, mnachuma matunda, na giza likiingia wanyama wakali wanatoka porini, kwa hiyo ni lazima mjenge. Chini ya ardhi kuna makaa na chuma, na asiyechimba hapati shoka la maana. Lakini anayechimba anaona njaa kama mtu mwingine yeyote. Akiishiwa chakula huko chini, anakufa, na kila alichobeba kinabaki alipoangukia. Tulianza kuucheza mwaka wa kwanza wa ndoa, yeye huko na mimi huku, kwa sababu mazungumzo ya simu yalikuwa yanatuishia upesi. Mule ndani tulikuwa kama watu walio uwanja mmoja.

Tulikubaliana vizuri mwanzoni. Tukichimba leo, kesho tunakusanya, wote wawili. Baadaye Gaudensi akaonja chuma. Akaniambia, "Wewe baki juu, mimi nitabaki chini, tutakwenda haraka zaidi." Kwa kweli masanduku yetu yalijaa chuma. Lakini mgodi unakula miti: mienge ya kumulika, mipini ya sururu, ngazi za kushukia. Mara tatu nilipanga mbao za kuezekea, na mara tatu nilizikuta zimeshuka shimoni. Nami sikosi lawama katika hili. Nilifyeka miti yote ya karibu bila kupanda mche hata mmoja, hadi ikanibidi kuvuka mto kutafuta mbao. Hivyo tukawa na masanduku kumi na moja ya chuma na kuta nne zisizo na paa, na kila giza likiingia tunajificha ndani ya shimo kama panya.

Jirani yangu hapa ni mama mmoja wa Kiiraqw, Mama Emanuel, ambaye hunipa maziwa mgando na kukataa kuyaita msaada. Siku moja nilikuwa nikicheza kibarazani kwake, akainama kutazama.

"Mwalimu, huyu ni nani anayechimba?"

"Ni mume wangu, mama."

"Na jana alikuwa anachimba?"

"Alikuwa anachimba."

"Anachimba kisima, au anakukimbia?"

Tulicheka sana. Kisha akanieleza, bila kunifundisha, kwamba kwao mtu haiti majirani kusimamisha nguzo kabla chakula chao hakijawa tayari, na kwamba wanaanza na chumba kimoja, wanalala humo, mengine yanafuata. "Nyumba ikikaliwa, inajua yenyewe inataka nini," alisema. Nilicheka tena, lakini kicheko hicho cha pili hakikufika mbali.

Sasa niwaambie yeye ni nani kwetu. Mwanawe Emanuel ni mwalimu huko Mbinga, katika shule isiyozidi mwendo wa saa moja kutoka kwenu. Anataka kurudi kwao, kwa kuwa mama yake amebaki peke yake, na mwaka huu miguu imemchoka hata amevuna akiwa amekaa chini, anajisogeza kwa makalio kutoka bua hadi bua. Mimi nataka kuja kwenu. Serikali inaturuhusu kubadilishana vituo. Nilipomweleza Gaudensi, alisema nyumba bado, kwa hiyo Emanuel angoje. Hilo lilikuwa mwaka jana. Mwaka huu mwalimu wa Babati amejitokeza, yuko tayari kubadilishana na Emanuel. Babati si Endasak, lakini ni karibu na mama yake. Shule zikifunguliwa, Emanuel atapeleka fomu, ama zake na zangu, ama zake na za huyo wa Babati. Mama yake hajaniuliza hata mara moja. Ananijazia kibuyu, ananiuliza habari za wanafunzi.

Nifike kwenye ugomvi. Ilikuwa Jumamosi mchana. Nilikuwa ng'ambo ya mto nikikata mbao, nimeapa kwamba siku hiyo paa litapanda. Gaudensi akaniandikia kutoka chini: "Niletee chakula, njaa imefika pabaya." Nikamjibu, "Panda juu ule." Akaandika, "Nikipanda nitapoteza njia, kuna chuma kingi hapa." Niliendelea kukata. Baada ya muda ikatokea habari kwamba amekufa. Alichobeba chote kiliangukia katika moto ulio chini ya ardhi, kikaungua.

Alinipigia papo hapo. "Skola, umeniacha nife kwa ajili ya mbao?"

"Mbao zilikuwa za paa."

"Paa litangoja. Chuma kile sitakipata tena."

"Na Emanuel, naye atangoja?"

"Usichanganye mambo. Hili ni gemu tu."

"Kama ni gemu tu, mbona unanifokea?"

Akakata simu, na tangu siku hiyo hatujazungumza ila salamu.

Mama, kuna jambo ambalo Gaudensi halijui, nami nalisema mbele yenu ili lisije likaoza ndani yangu. Nilikuwa na mikate saba mfukoni. Ningeweza kumfikia. Nilitazama kiwango chake cha njaa kikishuka, nikajiambia, acha aone. Mke anayeweza kusema hivyo hata ndani ya mchezo amekaa mbali na mumewe muda mrefu kupita kiasi. Hilo ndilo lililonitisha, wala si chuma.

Mume wangu, nakuomba radhi kwa mikate ile. Lakini na wewe nenda ukatazame nyuma ya banda la mbuzi. Matofali tuliyoyachoma miaka mitatu iliyopita yameota nyasi, na kuku wa Mama wanataga katikati yake. Mabati yameegemezwa ukutani yakisubiri mchanga, mchanga ukisubiri nondo, nondo zikisubiri pesa za vyumba vinne kwa pamoja. Sisemi wewe ni mvivu. Hakuna anayehangaika kukuzidi. Nasema tu kwamba tunavyo vya kutosha kwa chumba kimoja, na kwamba ninaweza kuishi katika chumba kimoja. Chumba kikichelewa, Mama, nitaomba nafasi kwako, na Gaudensi atakuja kunitembelea hapo kama mchumba, huku shemeji akimtazama.

Anayewaletea barua hii ni Emanuel mwenyewe, anayerudi kazini huko baada ya likizo kwa mama yake. Fomu zangu zimo ndani ya begi lake, nimekwisha kuzisaini. Hazihitaji sahihi ya mume, lakini sikutaka zifike ofisini kabla hazijapita nyumbani kwenu. Nimemwomba jambo moja tu: asizipeleke kabla ya kunywa chai pamoja nanyi. Ni mtu wa haya, hatasema lolote kuhusu mama yake msipomuuliza. Muulizeni. Ningependa Gaudensi ammiminie chai kwa mkono wake.

Msalimieni shangazi wa Litembo, na mdogo wetu Veronika anayesomea ualimu. Mwambieni asichague kituo cha mbali kwa kuvutiwa na picha za mlima, kama mimi. Msalimieni pia fundi aliyetuchorea nyumba, ambaye kila likizo hunisalimia huku akitazama pembeni kwa aibu isiyo yake.

Emanuel hunywa chai polepole. Akimaliza kikombe, ataaga aende ofisini na fomu zangu.

Mkamwana wenu,
Skolastika