Paka Amekalia Mahali pa Wazee

Meerim uko wapi?? Pokea simu! Nimejifungia bafuni, nimekwisha.

Ile sebule niliyoichora wiki nzima, ukaniambia sofa likae karibu na mlango. Haya, limekaa! Kule mwisho, chini ya dirisha, nikaweka godoro la paka. La paka!!

Wakwe wamefika leo kutoka Naryn. Baba mkwe kaingia, kalipita sofa bila hata kulitazama, kaenda moja kwa moja kule mbali na mlango wanakokaaga wazee kwa mila yetu. Kamkuta paka kalala. Kasimama tu.

Mama mkwe kasema polepole, "Kumbe humu ndani mkubwa ni paka."

Mkubwa ni paka! Kasema hivyo, Meerim!

Nikavuta sofa nilipeleke dirishani, likakwama kwenye kaunta ya jikoni. Baba mkwe: "Acha, binti. Sisi tutakaa hapahapa mlangoni."

Wakati wa kula, mume wangu kampa baba yake kichwa cha kondoo, heshima ya mkubwa wa wote. Mzee kakipokea kwa mikono miwili, kainuka, kaenda nacho hadi dirishani, kakiweka mbele ya paka. "Karibu, mkubwa wa nyumba."

Hakuna aliyecheka.

Na paka anakula, Meerim. Namsikia hadi huku anavyotafuna.