Eda ya Mke wa Shujaa

Ibra, Oman

Kwa dada yangu Mwanaisha,

Shikamoo dada. Kwanza nauliza mguu wako. Umeshaanza kuukanyagia, au bado unajikokota na fimbo huku ukimgombeza kila anayekwambia ukae? Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na shemeji na watoto. Mimi mwili hauna neno: nakula, nalala, naswali. Moyo ndio sijui niseme nini. Umeniuliza eda ikisha narudi Unguja au sirudi, na nitakujibu, lakini nivumilie, siwezi kuanzia hapo.

Nataka kwanza ujue alivyokufa Seif, maana kwenye simu mimi nililia, wewe ukalia, na hakuna aliyesikia kitu.

Alikuwa anarudi na lori lake la maji kutoka Samad, na pembeni kakaa Bashir, yule rafiki yake fundi wa magari, Mpakistani. Njiani pana wadi, bonde ambalo karibu mwaka mzima ni mawe na mbuzi tu. Siku ile jua lilikuwa linawaka, lakini mvua ilikuwa imenyesha milimani na maji yameteremka kwa kishindo. Katikati pamekwama gari, ndani yake mwanamke na mwanawe na baba yake mzee. Seif alijifunga kamba kiunoni, upande wa pili akamshikisha Bashir, akaingia. Akamtoa mwanamke na mtoto. Kisha maji yakapungua, naye akarudi kumfuata mzee.

Watu wa hapa walimpigia kelele asiende. Wao wamezaliwa na wadi, wanajua maji yakipungua ghafla yapo mengine nyuma yanakuja. Seif kakulia Kilosa, kando ya mto, na mto wa kwao ukipungua basi umepungua. Yalipokuja yale mengine kamba ilikatika mikononi mwa Bashir. Na yule mzee, dada, alikuwa ameshatokea mlango wa pili, kakaa zake juu ya jiwe ng'ambo. Mume wangu kafa akilifuata gari tupu.

Sasa ni shujaa. Siku za matanga wanawake walijaa humu ndani, kahawa inapita, na kila mmoja ananishika mkono: usilie, aliyekufa maji ni shahidi, pepo ni yake, una bahati wewe. Naamini, wala sitaki kumkufuru Mungu. Lakini wewe ni dada yangu na kwako sijifanyi: nina hasira naye. Mara ya kwanza aliingia kwa sababu aliona watu. Mara ya pili nafikiri aliingia kwa sababu watu walikuwa wanamwona yeye. Kisha najiambia, nyamaza, hukuwapo. Nabaki hivyo, mchana kutwa nabishana na maiti.

Bashir hawamsalimii. Wanasema mwanamume gani anashika kamba tu. Alikuja kunipa pole, na kwa kuwa niko edani alisimama nje ya mlango, mimi ndani, na wifi yangu Thuraya kakaa ubavuni kwangu. Huyu Bashir hutunga mashairi kwa Kiurdu, mashairi ya kumwomba Mungu. Kila Ijumaa baada ya alasiri Seif alikuwa akienda kumsikiliza pale gereji, wakinywa chai ya maziwa, kisha anarudi kunieleza maana yake kwa Kiswahili. Nilikuwa namtania kuwa kaoa mke wa pili, mwenye ndevu. Siku hiyo Bashir alisoma mistari yake huku analia, halafu akatufasiria kwa Kiarabu chake cha kuungaunga. Maana yake ni hii: Ee Mola, waliokupa roho zao umewapokea. Sisi uliotuachia roho zetu, tuzipeleke wapi?

Nikamuuliza kule kule nyuma ya mlango, "Kwa nini hukuingia?"

Akajibu, "Ukhti, nina mabinti wanne kwetu Multan. Niliwaona wote."

Sikumlaumu. Nilimwonea wivu mkewe.

Tangu siku hiyo nauliza lile swali la shairi lake. Na jibu, dada, liko chumba cha pili, kalala kitandani. Mama mkwe wangu, unamkumbuka alivyokuwa, mwanamke wa Mji Mkongwe khasa, hata kuolewa Kilosa hakukumbadili. Akili inamtoka. Kiarabu kimeshamtoka chote, kimebaki Kiswahili chake cha usichana, na nyumba nzima mimi peke yangu ndiye ninayekijua; hata Thuraya kazaliwa baada ya wao kuhamia huku Oman. Wajukuu wanambusu kichwa na kupita. Wiki iliyopita nilishikwa na homa nikalala. Nilipoinuka nikamkuta kageukia ukutani, macho yamevimba.

"Anataka nini?" Thuraya ananiuliza. "Mimi nimeleta maji, nimeleta chakula, yote hataki. Anasema maneno ya zamani, mimi sifahamu."

Nikainama. Akaniambia, "Mwanangu weye, tangu asubuhi n'nawaambia wanifungulie dirisha."

Nilifungua dirisha, nikaenda jikoni nikalia kuliko nilivyolia siku ya maziko.

Basi jibu langu ni hilo. Sirudi. Najua utasema najitupa, na kwamba ningali kijana. Labda ni kweli. Nimekukumbuka, natamani kusikia mtu ananiita kwa jina langu la utotoni, na hapa hakuna tena wa kuniita hivyo. Wala usidhani nina moyo mkubwa. Kuna asubuhi namtazama mama mkwe na kuona uzito hata kunyanyua mkono. Seif alichagua mara moja, mbele ya watu, ikaisha. Mimi itanibidi nichague kila nikiamka, na hakuna atakayekuja kunywa kahawa kwa ajili hiyo. Chumba mlichonisafishia mpeni mtoto wa kaka, si anataka kuoa. Msikiache kitupu.

Nisalimie shemeji, na mama yetu mdogo wa Makunduchi umwambie dua zake zinafika. Watoto wabusu, na yule mtundu umfinye kidogo kwa niaba yangu. Jirani yetu mshona nguo mwambie kanzu alizomshonea Seif hakuwahi kuzivaa zote, nimewapa watu.

Mama mkwe ameniona naandika, kaniuliza kwa nani. Nimemwambia kwa dada yangu, Unguja. Akafurahi, akasema, "Mwambie miye na mwanangu Seif twamsalimu sana." Basi zipokee, dada, salamu za wote wawili.

Mdogo wako akupendaye,
Rukia