Mukia wa Neno

Kalenga, mujukuu wangu na mama yangu,

Jambo sana. Huku Kashikishi tuko muzuri. Kambo yako mwanaume, bwana yangu, anakohoa kidogo lakini ubishi haujapungua. Unauliza namna gani utashika maneno marefu ya bunganga, masomo yako ya udaktari, bila kulia. Mimi nililia kwa neno moja tu.

Nilikuwa binti, kule Kongo. Ku dispensere, infirmiye, muuguzi wa pale, aliandika "gastrite" ku karatasi ya mama. Jirani yetu alikuwa amekufa na "méningite". Nikaona mukia ni ule ule, nikalia kilio mbele ya batu bote.

Infirmiye akacheka. "Binti, sisi tunasema munganga, banganga, bunganga: tunabadilisha kichwa cha neno. Bagiriki banabadilisha mukia. *Ite* ni moto, mwili umewaka. Mbele ya mukia banakuambia pahali. Jirani yenu, moto ulishika ngozi za ubongo. *Gastr* ni tumbo."

Mama akasimama. "Tumbo tu? Na huyu alikuwa ananizika!"

Kwenu ku Kiingereza ni *itis*, mukia ule ule. Kata neno, uulize ni wapi, kuna nini.

Mama alipona. Alizeeka mpaka akakubeba wewe, akakupa jina lake.

Kambo yako mwanamuke