Hema Lililofuliwa

Jumatatu, 9 Oktoba. Kibondo

Nimefunga mizigo tena. Sufuria, blanketi, buti, taa ya sola, Biblia. Safari hii tunajengea chemchemi tangi la maji juu ya Munanila, kwenye kilima kisicho na nyumba ya kupanga wala banda la kujibanza. Tutalala porini mpaka tangi liishe, na mvua ziko njiani.

Wifi Agripina alipita jioni. Hakukaa. Mume wake ni kaka yangu Gervasi, fundi mwashi wangu. Msimu wa mvua uliopita nilimrudishia ana kichomi, kutoka kwenye kambi yetu ya mahema mabovu. Alilazwa, tukadhani tunamzika. Leo wifi kasema maneno machache: "Skola, nakupa mume, nirudishie mume. Akirudi anakohoa, usinipigie hodi tena."

Nimemuogopa. Nimemshukuru pia, maana angeweza kukataa kabisa. Bila Gervasi sina kazi. Bila Gervasi sina kaka, na hilo ndilo linaloninyima raha.

Jumanne, 10 Oktoba. Kasulu

Siku nzima mahema. Miguu inawaka moto.

Duka la kwanza lina yale ya rangirangi, mepesi, yanaingia kwenye mfuko. Muuzaji alirusha moja hewani likasimama lenyewe. Zuri kweli. Nikaingia kwa magoti. Nikamfikiria Gervasi na mgongo wake, kila asubuhi anavaa suruali amelala chali. Nikavuta zipu, ikakwama. Vijiti vyembamba, upepo wa kule juu utavivunja. Na kitambaa cha namna ile, jua la miezi michache tu, unakitoboa kwa kidole. Hayo ni ya watu wanaolala siku mbili na kupiga picha.

Duka la pili, plastiki nyeupe. Nikageuza uso. Nimekulia chini ya plastiki ile kambini, wazazi wangu walipokimbia Burundi. Mchana tanuri, alfajiri matone yanakudondokea puani. Ilitusitiri, siitukani. Lakini sirudi humo.

Jumatano, 11 Oktoba. Kasulu

Nimepata. Nyuma ya soko kuna fundi anayeshonea malori maturubai. Turubai la pamba, zito, kijani. Unasimama wima ndani. Nimeweka mdomo nikapuliza, pumzi ikapenya kidogo, kwa hiyo usiku halitatoa jasho. Mishono miwili miwili, matundu ya kamba yana pete za chuma. Kamba za katani. Nguzo tutakata mikaratusi. Ubaya wake ni uzito, na harufu kama ya mafuta ya taa.

Matatu: kubwa la Gervasi na vibarua, langu, na dogo la Bi Zaina, mpishi wetu.

Fundi alianza kunieleza namna ya kuyatunza. Nikamkatisha. "Mimi nimelelewa na turubai, fundi." Akacheka, akanitilia vipande vya kitambaa na sindano nene bure. Mtu mwema.

Ijumaa, 13 Oktoba. Kasulu

Yamekamilika baada ya swala ya Ijumaa. Nimeyapapasa kama mtu aliyenunua ng'ombe. Kesho tunapanda.

Jumamosi, 14 Oktoba. Kilimani, Munanila

Tumefika. Lori limeishia barabarani, mengine yote mabegani. Wanakijiji wametusaidia kubeba bila kuitwa. "Mwidiwe, mwidiwe," salamu yao ya Kiha, mpaka juu, na bado walikuwa na nguvu ya kucheka. Mungu awape afya.

Nimesimamisha mahema mwenyewe, kwa namna ya kambini. Kamba zimevutwa mpaka turubai linalia ukiligonga. Kingo nimezifukia kwenye udongo na kuzishindilia kwa miguu, upepo usipate pa kuingilia. Gervasi alitazama akasema nimejenga ngome. Nilivimba kichwa, sikatai.

Kasoro Bi Zaina. Kalinusa hema lake, kaziba pua, kalichukua lote mpaka mtoni kwenda kulifua! Hema jipya! Nimefoka. Kanijibu taratibu, "Mwanangu, mimi silali ndani ya kibatari." Nashukuru tu kwamba hakuwa na sabuni ya kutosha, ameliloweka na kulisuuza basi.

Jumatatu, 16 Oktoba

Msingi wa tangi umeanza. Gervasi anapanga mawe huku akiimba. Mzima kabisa.

Hema la Bi Zaina lilikaa juu ya vichaka jana kutwa, likakauka. Leo amelisimamisha huku maharage yako jikoni, mbiombio. Kamba zinaning'inia. Kingo hazigusi hata chini. Limebwetea kama suruali ya mtu aliyekonda. Vibarua wanamtania, na mimi nimetania kuliko wote. Kajibu kwamba wanaotaka kula leo wanyamaze.

Jumatano, 18 Oktoba

Joto. Mawingu upande wa Burundi. Sina wasiwasi.

Alhamisi, 19 Oktoba

Nilipaswa kuwa na wasiwasi.

Mvua ilishuka jana alasiri, yenye upepo. Tukakimbilia ndani. Mwanzoni nilikuwa natabasamu. Kisha mishono ikaanza kudondosha, mmoja baada ya mwingine, kwa mstari, kana kwamba kuna mtu anaifungua. Nikasukuma turubai kwa kiganja ili maji yateleze. Pale nilipogusa ndipo yakapenya zaidi. Kamba za katani zikalowa, zikajivuta, zikakaza kilichokuwa kimekaza tayari. Nikasikia "pwaa" kutoka hema kubwa. Pete imeng'oka na kipande cha turubai, ubavu mzima umelala juu ya kitanda cha Gervasi.

Nimemkuta amelowa mpaka shati la ndani. Anacheka, mjinga yule. Kisha akakohoa. Sikuwahi kuchukia sauti kama ile.

Bi Zaina alimshika mkono kama mtoto, akamwingiza kwenye hema lake, akamvua shati, akamfunga khanga zake, akamnywesha chai ya tangawizi. Yeye akaja kukaa kwangu chini ya matone, beseni kichwani. Hakulalamika. Nililia kidogo. Kwa hasira, nadhani, na kwa woga.

Leo asubuhi Gervasi ana joto. Nimempeleka zahanati kwa bodaboda. Muuguzi amesikiliza kifua chake pande zote. Mafua tu, kifua safi. Nimemshukuru mpaka akaona aibu.

Nimetaka kumrudisha Kibondo. Kakataa. Nimetaka kwenda Kasulu kumrarua yule fundi kwa kutuuzia chujio. Nimevaa mpaka viatu. Ndipo Gervasi akauliza, akiwa amelala bado ndani ya hema la Bi Zaina: "Mbona humu sikudondokewa?"

Nimeingia. Nimepapasa blanketi, godoro, gunia la unga. Kavu. Turubai lilelile, fundi yuleyule, mvua ileile.

Nimevua viatu.

Ijumaa, 20 Oktoba

Sasa najiona zuzu. Uzi wa pamba ukinywa maji unavimba, unaziba matundu ya sindano. Hema la Bi Zaina lilikunywa mtoni, likakauka, likajifunga. Yetu yalikunywa kwa mara ya kwanza juu ya vichwa vyetu. Na kamba zake zilivyolegea zilikuwa na nafasi ya kujivuta. Nilichojifunza kambini ni sahihi kwa plastiki. Hili si plastiki. Ndilo alilotaka kunieleza fundi, bila shaka, na mimi nikajifanya mjuzi.

Nimefukua kingo. Mchwa walishaanza kula. Siku sita tu!

Tumeyabeba mahema yote mtoni. Akina mama wa kijijini waliokuja kuchota maji waliona watu wazima wanafua nyumba zao. Wamecheka mpaka wakakaa chini. Kisha wakaja kushika ncha, tukakamua pamoja. Nimeshona pale palipong'oka kwa sindano ya fundi. Jua limekuwa jema leo.

Nimemwomba radhi Bi Zaina mbele ya watu. Kasema, "Haya, kanichotee maji." Nimechota.

Jumapili, 22 Oktoba

Ibada kijijini. Tumekula migebuka, samaki wa ziwani, na ugali wa muhogo. Mahema yamesimama tena, kamba zimelegea, kingo ziko juu, mifereji imezunguka. Yamebwetea yote matatu. Sura mbaya. Gervasi amerudi kwenye hema lake kubwa. Amekohoa mara mbili leo, au mimi ndiye ninayemsikiliza mno. Wifi amepiga simu, nimesema mtandao unasumbua. Sijalala vizuri tangu ile mvua.

Jumanne, 24 Oktoba

Mawingu tena. Nimekagua kamba. Nimekagua tena. Bi Zaina kanifukuza.

Alhamisi, 26 Oktoba

Mvua tangu asubuhi. Hakuna kazi. Kubwa kuliko ile ya kwanza.

Nimekaa ndani ya hema la Gervasi nikitazama mishono. Hakuna tone. Nimeweka kiganja kwenye blanketi lake mara kwa mara, mpaka akaniambia nimwache apumzike, akajifunika, akalala mchana kweupe.

Wifi amepiga. Safari hii sikusema uongo. Nimemwambia kila kitu, mafua, zahanati, kufua mahema, yote. Kasikia mvua inavyopiga turubai. Akasema, "Nipeleke karibu naye."

Nimeweka simu karibu na uso wa Gervasi. Alikuwa anakoroma, ule mkoromo wake mzito, bila kikohozi, bila filimbi kifuani. Nilishika simu hivyo muda mrefu. Mkono uliniuma. Wifi alisikiliza, hakukata, mpaka salio lake likaisha.

Nimemfunika miguu. Kisha nimetoka na kofia ya Bi Zaina, lile beseni, kwenda kulegeza kamba zilizoanza kujivuta.