Panya wa Bwawani na Mdudu wa Udongo

Baba Nafula,

Mwanaume mkaidi wewe! Nilikuambia vaa gambuti ukienda kupalilia nduma pale bwawani, ukasema gambuti ni za wazungu na wazembe. Haya, umelala. Mimi ndiye nimebaki kujibu.

Tangu tukuzike, mtaa wetu mzima wa Lindi unamlaumu panya aliyekuuma. Yule wa majini, mkubwa kama paka, meno rangi ya chungwa, miguu ya nyuma kama ya bata. Majirani wamewapiga wenzake kwa rungu mpaka bwawa likanuka. Nami niliwashangilia.

Juzi nikampeleka Nafula kliniki, mimba yake ya tatu. Akiwa kwenye mizani kule mbali, nikamwuliza nesi, panya anaumaje mtu mpaka taya zinakaza na mgongo unapinda kama upinde? Akasema, "Kidonda mliweka nini, mama?" Nikasema udongo, si ndivyo tunavyofanya kwetu, na damu ilikauka vizuri.

Akasema hiyo ilikuwa pepopunda. Kuna mdudu anakaa udongoni, hana meno, hana miguu, humwoni hata ukitoa macho. Panya ukimpigia kelele anaruka majini. Huyu hakimbii. Analala pale miaka, akingoja kufungiwa ndani ya kidonda.

Na nani alimfungia? Ni mimi. Nilikufunga kwa kipande cha leso yangu, nikakaza. Ukacheka, "Mama Nafula, unafunga mguu ama gunia?"

Sasa sikia shida yangu. Nafula anataka nimpake mtoto udongo kwenye kitovu akizaliwa, kama wale wawili wa kwanza. Hao waliishi, kwa hivyo anaamini mikono yangu kuliko nesi. Nikikataa, atauliza kwa nini. Nikijibu, atajua nani alimuua baba yake. Chumba chetu ni kimoja, mlango mmoja. Nikigeuka huku ni tumbo lake, nikigeuka kule ni koti lako bado ukutani. Siku tatu nafungua mdomo, naishia kuomba chumvi.

Kesho akimaliza uji nitamwambia. Naapa, huyu mtoto hataguswa na udongo mpaka aukanyage mwenyewe.

Kwaheri, mzee wangu. Miguu yako ilikuwa mibaya, lakini niliizoea.

Na usimjie ndotoni kunitetea. Mwache anichukie, bora aende kuzalia kliniki.