Sala ya Mjane wa Saa Mbili

Jumanne, 9 Juni. Manyunyu tangu alfajiri.

Wanangu,

Mboga iko kwenye sufuria ndogo, ipasheni moto. Mvua ikizidi, anueni nguo.

Nimeondoka nimenuna. Kwenye sala nilimwombea yule mjane wa tamthilia ya saa mbili, mkaangua kicheko hata kabla ya amina. Baba yenu akasema, "Mama, yule analipwa kulia!" Sawa. Na refa anayemfokea kila Jumamosi, humsikia? Mimi angalau namwambia Mungu.

Tena mjane huyo ndiye aliyenifundisha kusoma haraka, kwa yale maandishi yanayopita chini ya picha. Mwalimu wangu wa kisomo cha jioni hunisubiri nimalize sentensi. Mjane hasubiri mtu. Hiyo taarifa ya habari mnayosema ni ya wenye akili, baba yenu huikoromea.

Leo jioni nina mtihani, na leo ndiyo sehemu ya mwisho ya tamthilia. ~~Msinisimulie chochote.~~ Nisimulieni yote, bila kutia chumvi.

Na baba yenu asijifanye amesahau. Alisimama mlangoni, nyie na bibi mkisikia, akatamka: "Nitaitazama mpaka mwisho, na sitahamia kwenye mpira hata kukiwa na penalti."

Mama