Lawama za Zizini

Kijijini, Machi 6

Kwa mama wa watoto wangu, Kanimbu,

Salamu nyingi kutoka huku milimani. Mifugo ni wazima, nami mzima. Nimeanza na mifugo kwa sababu najua ndiyo utakayoiulizia kwanza. Wewe hujambo? Binti yetu Gulsaira hajambo? Na huyo mjukuu mpya ananyonya? Mwambieni babu yake ndiye anayeandika, kwa mkono wake mwenyewe, hakuandikiwa na mtu. Simu usipige, ng'ombe ameikanyaga. Barua mpe dereva wa gari la kuja huku Naryn, ataileta.

Sasa sikia. Mtamba wetu Kashka kazaa! Ndama jike, paji jeupe kama mama yake. Nimemvuta mimi, peke yangu, na theluji inamwagika. Tangu enzi za shamba la ushirika hajatokea wa kuzalisha ng'ombe kama mimi, hata wanaonichukia wanakiri. Na ahadi ni ahadi, ndama wa kwanza mwaka huu ni fungu la mjukuu. Waambie wakwe, tena kwa sauti.

Hapa mambo yananyooka. Ila jirani yetu Jumash, masikini, naye mtamba wake kazaa na mwanawe hamtaki. Anampiga mateke, hata kumnusa hamnusi. Jumash inambidi amfunge miguu ndipo ndama anyonye, na goti la Jumash limevimba kama boga. Anauliza ninyi wanawake hufanyaje. Mimi najua, lakini nimemwambia nitakuuliza, asije akaona najigamba.

Ni mimi mzee wako, Satarkul

Bishkek, Machi 8

Baba Gulsaira,

Salamu zimefika. Sisi hatujambo. Mtoto ananyonya mpaka mama yake anatokwa machozi. Habari za ndama nimewapa wakwe, na mama mkwe wa Gulsaira kashalitangazia jengo zima. Kila nikikutana na mtu kwenye ngazi ananiuliza ndama wa mtoto anaendeleaje.

Jumash mpe pole. Nilidhani anafuga nyuki. Lakini mwambie ampake ndama chumvi mgongoni. Mama atamlamba kwa uroho wa chumvi, na akishamlamba atamjua. Ikishindikana, amsogeze mbwa karibu na ndama, maana ng'ombe akiona mbwa umama wake huamka. Na hilo goti alichue kwa mafuta ya mkia wa kondoo, asijitie ujana.

Mkeo, Kanimbu

Kijijini, Machi 11

Mama Gulsaira,

Mifugo ni wazima, na goti zima. Nasema goti langu, la Jumash sijui. Nyuki hulala majira ya baridi, mwanamume hawezi kukaa bure, ndiyo maana kanunua ng'ombe. Usiulize ulize.

Chumvi yako imeleta balaa. Alipopakwa tu, ng'ombe wengine wote walimvamia ndama, huyu kulia, huyu kushoto, wakamlamba mpaka akaanguka. Mama mtu kasimama pembeni anakula nyasi kama anayetazama harusi ya majirani. Basi Jumash akamleta mbwa. Mbwa naye akaonja ndama, akapenda, akajilaza ubavuni pake. Sasa anamngurumia kila anayesogea, mama ng'ombe mwenyewe akiwemo, na jana kaningurumia mimi niliyemlea!

Ndama wa Jumash mbavu zimeanza kuonekana. Mtamba wenyewe kiwele kimejaa, kigumu kama jiwe, ukikigusa anaruka. Sasa nakumbuka wewe ukikamua unaimba. Nikipita nje ya zizi nakusikia mm mm mm, polepole, na ng'ombe wanatulia kama wako msikitini. Niandikie maneno ya wimbo huo. Ni ya Jumash.

Mzee wako, Satarkul

Bishkek, Machi 14

Baba Gulsaira,

Huo si wimbo. Ninawasimulia ng'ombe habari zako.

Usishtuke. Mama yako alipofariki sikubakiwa na wa kumlalamikia, na ng'ombe hawapeleki maneno. Kashka huyo kazaliwa akisikia lawama zako asubuhi na jioni, hajui sauti nyingine ya kumtuliza. Basi Jumash na akae chini, amwegemee ng'ombe ubavuni kwa kichwa, alalamike polepole, kwa sauti ya chini, bila kukatiza. Ila asijisifu. Mtu akijisifu sauti hupanda, na ng'ombe hushtuka.

Nakuomba sana, baba. Mama mkwe kashaanza kushona utepe mwekundu wa shingo ya ndama. Ndama huyu akifa mtoto hajafika arobaini, watasema nini? Na mimi nitalala vipi? Likitokea la kutokea, usinipe habari kwa karatasi. Njoo mwenyewe.

Mkeo, Kanimbu

Kijijini, Machi 18

Kanimbu,

Jumash tumwache na nyuki wake.

Nilikaa kama ulivyosema. Kwanza nikajaribu kumweleza Kashka kwamba mimi ni mtu mwema kuliko alivyosikia. Akanipiga teke, ndoo ikaenda upande wake na mimi upande wangu. Nikarudi, nikaanza kujilaumu kwa maneno yako. Nikataja kukoroma, nikataja ubishi, nikaishiwa. Sina makosa ya kujaza ndoo, jambo hilo lijulikane.

Hapo hasira zikanipanda, nikaanza kukulalamikia wewe. Nikamwambia, ona Kashka, mwanamke huyu kaenda mjini kaniachia unga, nao nimeukanda, na mkate wake mbwa kaukataa. Nyumba imekuwa kimya mpaka nasikia saa ya ukutani. Nikamwambia, miaka yote kanimiminia chai nusu kikombe nusu kikombe kama mgeni wa heshima, sasa najimiminia kikombe kizima, kinapoa mkononi, na hakuna wa kunyoosha mkono aseme lete nikuongeze. Ni uungwana huo? Nikamwambia, tena usiku anavuta blanketi lote, na tangu aondoke ninalo lote mimi na bado nasikia baridi.

Kashka kashusha pumzi ndefu. Maziwa yakateremka. Ndama akanyonya bila kamba! Ng'ombe akageuza shingo, akamnusa mkia, akamlamba mkia, ulimi ukapanda mgongoni, akamlamba mpaka masikioni, huku anamlilia kwa ndani. Nilinyamaza nipumue, akainua mguu. Nikaendelea.

Basi sasa nakulalamikia asubuhi na jioni. Ndama anaruka ruka. Wilaya nzima hakuna mwanamume anayeweza kulalamika kama mimi, na asiyeamini aje na ng'ombe wake. Timiza arobaini ya mtoto, usikatize kwa ajili yangu. Mimi niko imara kabisa. Gari la kurudi linaondoka alfajiri, nimeshamuuliza dereva.

Satarkul wako

Bishkek, Machi 21

Mzee wangu,

Barua yako nimeisoma jikoni, mlango nimeufunga. Mama mkwe kagonga kuuliza kama kuna msiba. Nimemwambia hakuna, ndama amekubaliwa na mama yake, na nikampokonya vitunguu nimenye mimi.

Mtoto akishatoka arobaini, kesho yake alfajiri niko ndani ya hilo gari. Mbwa mtoe zizini, Kashka usiache kumlalamikia hata siku moja. Lakini lawama usizimalize zote. Zilizobaki nataka nizisikie mwenyewe, nimekaa upande wa pili wa ng'ombe, nikikujibu.

Bibi yako, Kanimbu